Picha Iliyoacha Nyumba ya Pili

"Shemeji," Bosire alisema kwenye simu kutoka Nyaramba, "sisi tulikufa lini?"

Nyakerario alikuwa jikoni kwa mama mkwe wake, kule Sironga, mtoto mgongoni. "Nani amekufa tena?"

"Fungua hiyo picha yako, halafu uniambie mzee alikuwa na nyumba ngapi."

Aliweka simu kwenye spika, akaifungua. Ilitoka kwenye seva, programu ya kompyuta aliyoitengeneza mwenyewe baada ya masomo ya jioni pale Nyamira. Mtu anaandika maneno kwenye simu, seva inayageuza kuwa picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Asubuhi hiyo mumewe, Onyiego, alikuwa ameandika tangazo la mazishi ya baba yake, Mzee Ogoti. Picha ilianza vizuri: jina la mzee, mke wa kwanza, yaani mama mkubwa, na watoto wake. Halafu ikaishia hapo. Nyumba ya pili, ya mke mdogo na wanawe kina Bosire, haikuwemo.

"Mliandikwa, shemeji. Maneno yamezidi picha."

"Yakazidi yalipofika kwetu. Sawa. Kesho mzikeni wenyewe. Mama amesharudisha nguo kabatini."

Nyumba moja isipofika kaburini, watoto wa mzee hawatakaa tena meza moja.

"Usikate, nakuomba. Ngoja kidogo."

"Mama amebandika chai. Ikichemka, nakata."

Kosa alilipata haraka: kila picha aliipa urefu ule ule. Akaiambia seva ipime maneno kwanza. Akaiwasha. Ikagoma. Mtoto akaanza kulia.

"Mnyonyeshe," Bosire alisema. "Sisi tumezoea kungoja."

Akamnyonyesha, akaendelea kuandika kwa mkono mmoja. Kumbe alikuwa amesahau kufunga mabano kwenye maagizo aliyoiandikia seva. Akaiwasha tena, na picha ikatoka, ndefu kama shuka, nyumba zote mbili ndani. Akamtumia Bosire peke yake.

Alimsikia akimsomea mama yake majina, polepole. Mama akasema kitu kwa Ekegusii.

"Anauliza kwa nini herufi za jina lake ni kubwa sawa na za mama mkubwa."

"Seva haijui nani mkubwa, shemeji."

Kwa mbali, kwenye simu, sufuria ya chai ilikuwa ikitokota.

"Niitume kwa kundi?" Nyakerario aliuliza.

"Hapana. Ile ya kwanza ilitoka kwenu. Hii naituma mimi."

Simu ikakatika. Nyakerario alibaki akiitazama, mtoto akinyonya, hadi ujumbe wa kundi ukaingia. Ilikuwa picha ndefu, kutoka kwa Bosire. Chini yake alikuwa ameandika: Tutafika mapema, tuachieni nafasi mbele.