Maji Yasiyo na Mtu

Nathanaeli aliwasikia ng'ombe kabla hajawaona, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alijua ni ng'ombe wa nani, na alijua wamefuata nini.

Kila mwaka kabla ya vuli, mzee Sankale alipandisha ng'ombe wake kutoka mbugani hadi kwenye ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba mababu wa kijiji cha Suji, mlimani. Ng'ombe waliingizwa bwawani likiwa tupu, wakakanyaga tope siku nzima mpaka sakafu ikakaza. Sankale na watu wake hawakulipwa fedha. Ujira wao ulikuwa ufa mmoja kwenye ukuta wa chini, ambao haukuruhusiwa kuzibwa. Maji ya ufa huo yalichuruzika korongoni hadi mbugani, na kiangazi chote boma la Sankale liliishi kwa hayo. Mapatano hayo hayakuandikwa popote. Msimamizi wa ndiva aliyarithi kwa baba yake, na msimamizi sasa alikuwa Nathanaeli.

Mapema mwaka huo Bwana Maji, afisa wa maji wa serikali, Mwingereza mmoja mwembamba, alipanda kutoka mjini Same na karatasi zake. Serikali ingeijenga ndiva upya kwa saruji, maana ya zamani imechoka. Akasimama mbele ya ufa, akauliza, "Maji haya yanayopotea yana mtu?"

Neno moja tu lingetosha. Lakini Nathanaeli aliwajua wakubwa hawa: ukiwatajia watu wa mbugani wataanza vikao, na saruji itapelekwa kijiji kingine, Gonja. Naye alikuwa amechoka na tope, amechoka kumsikia mkewe Ruthi akilia kwamba mahindi yamekauka kabla zamu yao ya maji haijafika. Ulimi hauna mfupa.

"Hayana mtu, Bwana," alisema.

Saruji ikapandishwa vichwani kutoka stesheni. Ule ufa aliuziba kwa mkono wake, akaulainisha kuliko mahali pengine popote, na tangu siku hiyo hakupita tena upande ule wa ukuta. Mahindi ya Ruthi yakastawi.

Sasa Sankale alikuwa amesimama njiani, mahali ambapo ndiva bado haikuonekana, mbavu za ng'ombe wake zikihesabika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nathanaeli. Mwaka huu nimewahi. Korongo limekauka tangu mwezi wa saba, nikasema ndiva imebomoka, na wewe uko peke yako na kazi yote hiyo. Nimeleta ng'ombe wote, hata wenye mimba."

Kumbe mzee alikuja kumsaidia. Nathanaeli akaenda kufungua maji. Ilikuwa zamu ya Ruthi, lakini hakuuliza mtu. Ng'ombe wakanywa kwenye mfereji, wakisukumana.

"Mungu akuzidishie," alisema Sankale. "Nitawaambia nyumbani kwamba hukutusahau."

Hapo moyo ulimsuta, akashindwa kuvumilia.

"Usiniombee, mzee. Ndiva haikubomoka. Imejengwa kwa saruji, na ufa niliuziba mimi. Bwana Maji aliniuliza kama yale maji yana mtu, nikamwambia hayana."

Sankale alishuka polepole hadi ukuta wa chini, akapapasa mahali palipokuwa na ufa.

"Umepalainisha vizuri," alisema. Kisha akauliza, "Ulisikia nimekufa?"

"Hapana, mzee."

"Na mke wangu Nanyori na watoto wake, ulisikia wamehama?"

"Hapana."

"Basi shuka ukamwambie Bwana Maji tupo."

Nathanaeli aliingia nyumbani, akavaa koti lake la kanisani. Ruthi akamuuliza anakwenda wapi siku ya kazi na koti la Jumapili.

"Same. Kwa Bwana Maji, kusema nilidanganya."

"Na saruji yetu wakija kuivunja?"

"Waivunje."

Sankale alikuwa akimngoja nje, ng'ombe wametangulia. Nathanaeli akashika njia kuu, lakini mzee akamgusa begani kwa fimbo.

"Tupite korongoni," alisema. "Hujawahi kuliona likiwa kavu."