Samaki Wawili wa Mkazamjomba

Mjomba ana bucha, na samaki alimchagua kama anavyochagua fahali: akamtazama meno, akamtazama mgongo, akasema, "Huyu."

Tulikuwa watatu kwenye duka la samaki wa mapambo, mbele ya ukuta wa vioo na maji ya chumvi. Mimi nilikuwa nimehitimu masomo ya viumbe vya majini, sina ajira, naishi kwake. Usomi wangu wote ulikuwa umeishia kwenye tangi la sebuleni. Wiki baada ya wiki nilichanganya chumvi, nikapima, nikangoja maji yakomae, na yeye akipita anauliza, "Hiyo supu haijaiva tu?"

Sasa ilikuwa imeiva, na mkazamjomba, ambaye mimi humwita Mama na ambaye katika nyumba ile hajawahi kuchagua hata pazia, alikuwa ameshachagua: samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, wanaobanana ubavu kwa ubavu kama watoto kwenye kitanda kimoja.

"Mjomba, huyo wako ni kikande," nikasema. "Ana taya za kuvunja kombe za baharini. Hawezi kukaa na wale wa Mama."

"Atawafanyaje?"

"Atawaua."

"Hata akishiba? Mimi nina maini bucha nzima. Mgomvi ni mwenye njaa."

"Huyu hagombani kwa ajili ya njaa tu. Akishaona mahali ni pake, hataki mwenzake."

Mwenye duka, mtu wa kuitikia kila neno, akadakia, "Inategemea bahati, bosi. Wengine huzoeana."

"Umesikia, mpwa wangu msomi? Mwenye mali kasema."

"Mwenye mali anauza, Mjomba."

Mkazamjomba akashusha mkono aliokuwa ameuweka kwenye kioo. "Basi, wangu nawaacha."

"Nani kakunyima, mama? Chukua!"

Nilimwonea huruma, nikatafuta njia. Nikapendekeza kioo cha kugawa tangi, chenye matundu ya kupitisha maji: kikande upande mmoja, wale wadogo upande wa pili. Mjomba akakubali, na mimi nikaamini nimefanya jambo la maana.

Tangu siku hiyo akawa anarudi na mfuko wa maini. Hanawi. Anaingiza mkono majini na damu iliyokauka kwenye kucha, anaachia pande, na kikande analirarua mpaka maji yanakuwa mekundu. Mabaki yalikwama kwenye mawe, yakaota utelezi, yakanuka kama kidonda kilichofungwa muda mrefu. Niliyatoa kwa vidole, nimebana pumzi. Upande wa pili mkazamjomba alivuta kigoda, akakaa na kikombe chake, akiwasimulia wale wawili habari za mchana. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile mbele ya mtu yeyote.

Kisha Mjomba akaalika wachinjaji wenzake. Nilikuwa jikoni nikipanga glasi niliposikia kelele kama za uwanja wa mpira.

"Mrudie! Mrudie kichwani!"

Nikakimbia. Kioo cha kugawa kilikuwa sakafuni, kinachuruzika maji kwenye zulia. Mjomba alikuwa amekunja mkono wa shati, na mafuta ya nyama kutoka vidoleni mwake yameelea juu ya tangi kama macho mengi. Chini yake nusu ya samaki wa rangi ya chungwa ilikuwa inazama, na mdomo bado unafunguka na kufungika. Mgeni mmoja alikuwa anapiga video huku anatafuna. Mwingine alicheka hadi kipande cha nyama kikamtoka, kikaangukia kidevuni, akakirudisha mdomoni kwa kidole. 

Mkazamjomba aliingia, akatazama. Akazamisha mkono hadi begani, na gauni lake zuri, akamchota yule aliyebaki kwa bakuli, akaenda naye jikoni. Nikamfuata. Mjomba naye akatufuata.

"Lete huyo. Wageni hawajamaliza kuona."

"Wageni wako wana nyama."

"Mama, samaki tu huyo!"

"Ni wangu."

Mjomba akanigeukia mimi, anacheka, anajifutia vidole kwenye taulo la vyombo. "Msomi, mwambie. Baharini si ndivyo? Mkubwa hamli mdogo?"

Ninakula kwake, ninalala kwake. Nikatazama lile taulo.

"Baharini mdogo ana pa kukimbilia," nikasema. "Hapa aliyeinua kioo ni wewe, Mjomba."

Kicheko kikamkauka. Nikampita, nikaenda sebuleni kuchukua pampu ndogo ya hewa, ile ya akiba. Ile kubwa nikamwachia kikande. Yeye hakujichagulia nyumba. Mgeni wa video akaninyooshea ubavu wenye alama za meno yake. "Kula, kijana, mbona umenuna?" Nikapita na pampu mkononi.

Jikoni mkazamjomba alikuwa ameshika bakuli kwa mikono miwili. Samaki alielea upande, pezi moja limechanika, anahema.

"Maji ya chumvi yale ya ndooni bado yapo?"

"Yapo, Mama."

"Mimina kwenye beseni. Taratibu."

Mjomba alikuwa bado mlangoni. "Na wale niwaambie nini?"

"Toka hapo," akamwambia, bila kugeuka. "Unatuzibia mwanga."