Mkate Uliopigwa Pasi

Siku ile mjinga alikuwa Mbwana, na mwenyewe habishi. Ukimkuta leo pale Mazingara atakuambia hivyo hivyo, kisha akugeuzie kibao: "Lakini wewe ungefanyaje?"

Mambo yalianzia kwenye lori la kijiji cha ujamaa. Mbwana ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la ushirika, kwa hiyo kila lori lilipokwenda Korogwe kufuata sukari na chumvi, yeye alikaa mbele na dereva. Mkewe, Chausiku, aliomba kupanda mpaka akachoka. Kila alipoomba aliambiwa Korogwe ni vumbi tu. Na mume huyo huyo akirudi, hadithi haziishi: hoteli ya karibu na stesheni, na mkate wao wenye nyama na yai tumboni, wanaoubana kwa vyuma viwili vya moto mpaka unalia.

"Wenyewe wanauita sandwichi," alisema, akimeza mate.

"Kumbe vumbi hilo lina nyama," Chausiku akasema.

Basi wakawekeana sharti. Mbwana atamletea Korogwe mpaka jikoni. Mkate ukiwa mtamu kama anavyousifu, Chausiku hatalitaja lori tena. Usipokuwa mtamu, Jumamosi anapanda.

Mbwana akanunua mmoja. Nia yake ilikuwa aufikishe mzima, ila njia ni ndefu, na nusu ya mkate haikuvuka Segera. Nusu iliyobaki ilifika imefungwa kwenye gazeti, ya baridi, ngumu kama soli ya kiatu.

Chausiku akateleka kikaango. "Lete niupashe."

"Huu si kiporo cha ugali," Mbwana akasema. "Huu hubanwa. Niletee pasi."

Mama Mwaija, mama yake Chausiku, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka Mashewa, aliacha kuchambua mchicha. "Mkwe, una mkutano?"

"Hapana, mama. Napasha chakula."

Mama Mwaija akasogeza kigoda chake apate kuona vizuri.

Mbwana akaijaza pasi makaa, akapuliza mpaka ndevu, kwa jivu, zikawa za babu yake. Hakutaka kuichafua pasi ya watu kwa mafuta. Hiyo ndiyo akili pekee aliyokuwa nayo siku hiyo. Kwa hiyo akauacha mkate humo humo kwenye gazeti, akaulaza juu ya blanketi la kupigia pasi, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Mkate ukalia chwaa.

"Mnasikia?" akasema, kifua mbele. "Ndivyo unavyolia."

Kiini cha yai kikachomoka ubavuni, kikamkuta kwenye hicho hicho kifua. Akajipangusa, akakandamiza tena.

Alipobandua gazeti, mkate ulikuwa mwembamba kama bahasha, na habari za ukurasa wa kwanza zote zimehamia juu yake. Mama Mwaija, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima na alisoma chochote kilichopita mbele yake, aliuinua kwenye mwanga. Akausogeza mbali, akausogeza karibu.

"Umeandikwa," akasema. "Ila aliyeuandika hakwenda darasani. Herufi zote zinatazama nyuma."

Chausiku alikuwa ameshakaa chini, pindo la kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Hata hivyo sharti ni sharti. Akamega, akatafuna, akaendelea kutafuna.

"Una ladha gani?" mama yake akauliza.

"Hotuba," Chausiku akasema. "Na jivu kidogo."

Mbwana akaiona Jumamosi inamjia mbio. Akasimama kujitetea kwa mkewe, doa la yai kifuani.

"Usiulaumu mkate, mama Rehani. Mkate hauna kosa. Huu ni wa kuliwa pale pale stesheni, unapotoka tu kwenye chuma. Ukiupandisha lori umeuua. Mkate huu hauwezi safari. Mama, wewe ni mtu mzima, nasema uongo?"

"Husemi uongo, mkwe," Mama Mwaija akasema. "Hauwezi kabisa."

Chausiku akajifuta machozi. Akaligeuza blanketi upande uliokuwa safi, akatandaza juu yake kanga yake mpya, kisha akaichukua pasi mkononi mwa mumewe ikiwa bado ya moto.

"Basi tumekubaliana, baba Rehani," akasema. "Mkate hauwezi safari. Mimi naweza."