Finjani ya Hamood

Leo Hamood kaja kwangu Ibra, huku Oman, na wala si Idd. Huyu huja kutoka mji wa Sur kila Idd na halwa yake, tangu kaka yangu Himid alipouliwa kule kwenye vita vya kusini, vya Waomani kwa Waomani. Walijitolea pamoja kwenye kikosi kimoja, vijana wa Unguja waliokuwa wamerudi Oman juzijuzi tu, hata Kiarabu chao kikichechemea. Baada ya msiba mama alimfanya Hamood mwanawe.

Nikammiminia kahawa. Akaiweka finjani chini, hakuigusa. Ndiyo mila ya huku: mgeni mwenye haja nzito hanywi mpaka mwenyeji amwambie "umepewa." Na ukishatamka, huna kurudi nyuma. Nikacheka moyoni. Mjukuu wake Laith anataka kumuoa mjukuu wangu Reem, nani asiyejua?

"Umepewa, Sheikh Hamood, umepewa! Kunywa, isipoe."

Hakunywa. "Bi Turkiya, wamekuja vijana wanakusanya historia ya kikosi chetu. Wanataka nisimulie Himid alivyokufa. Kabla hawajasikia wao, usikie wewe. Hawakumuua maadui. Nilimpiga mimi."

"Ebo! Ulimpiga nani?"

"Himid. Nilikuwa zamu, alfajiri. Yeye alikwenda kutafuta maji, akarudi kwa njia tusiyoagana. Nikaona mtu, nikapiga. Mkubwa wetu akatwambia tufunge midomo. Haja yangu ni radhi yako."

Jamani! Siyo risasi iliyonimaliza, vitani hutokea. Ni dua ya mama. Kila Idd, halwa ya Hamood iko mbele yake, mama huinua mikono: "Aliyemuua mwanangu, Mungu asimpe raha hata siku moja." Na Hamood, hapo hapo ubavuni pake, huitikia "amin." Mpaka mama akafa.

"Shetani we!" nikampigia kelele. "Kumbe ukijiapiza mwenyewe?"

"Ningefanyaje, Bi Turkiya? Ningenyamaza, angejua."

Nilitaka kumtoa mbio, wallahi. Lakini ahadi ni deni, na mdomo wangu mwenyewe ndio uliokwenda mbio. Nikaimwaga kahawa iliyopoa, nikammiminia nyingine. Nusu ikamwagikia mkekani.

"Kunywa. Nimeshasema."

Akanywa, machozi yanamtiririka ndevuni. Nami nikainua mikono, kama mama.

"Ya Rabbi, alilomuombea mama, muondolee."

Nikangoja amin. Hamood, hodari wa kuitikia miaka yote ile, hakuweza.