Cherehani Moja, Watani Wawili

Niliiba cherehani mchana kweupe, na kibali cha kuiba walinipa mababu zangu. Nalisema hilo mapema ili usinihukumu katikati ya maneno ukakosa mwisho.

Naitwa Husna, Mzigua wa Kang'ata, Handeni. Mwenzangu ni Asnath, Msambaa wa Dindira, kule juu kwenye mashamba ya chai. Miaka tisa tumepanga chumba na chumba Kilole, mjini Korogwe, tukishona nguo barazani kwa cherehani moja ya kukanyaga tuliyoinunua kwa pamoja, nusu yangu nusu yake. Asubuhi anashona yeye, mchana nashona mimi. Anayesubiri zamu anakata vitambaa, anapiga pasi na kumtukana mwenzake. Redio hatukuwahi kuihitaji.

Kwa asiyejua, Mzigua na Msambaa ni watani. Mtani akikuchukulia kitu chako huruhusiwi kununa, sembuse kwenda polisi. Dawa yake ni kukomboa. Unampa chochote ulicho nacho mkononi, hata punje tatu za karanga, naye analazimika kukurudishia mali yako. Usipokomboa, kitu kimekwenda, na wewe unabaki kucheka na wanaokucheka. Asnath aliwahi kunifichia viatu vya Idi mpaka nikavikomboa kwa finyango la nyama ya pilau. Mimi niliwahi kumchukulia kitenge chake cha kwaya Jumapili asubuhi, kengele inalia, akakikomboa kwa nusu ndizi ya kuchemsha. Tena ile nusu ndogo.

Sasa mwaka huu mama yangu, Bi Hajira, alianguka shambani akavunjika nyonga. Kaka yangu Mdoe yuko machimboni anatafuta bahati, na bahati nayo inamkwepa. Ikabidi mimi nirudi Kang'ata moja kwa moja. Godoro, ndoo, sufuria, kila kitu kilikuwa na mwenyewe anayejulikana, isipokuwa cherehani. Nikienda bila cherehani, narudi kushika jembe huku nina mgonjwa ndani. Nikienda nayo, Asnath anabaki na mkasi na ulimi wake.

Utasema watu wazima wawili si wangekaa wakaongea? Tulijaribu. Siku niliyoanza, "Mtani, kuhusu cherehani," akanidakia hapo hapo: "Mtaifanyia nini Handeni? Mtaifukizia ubani iwataje wachawi?" Nikacheka, likapita. Kesho yake akaanza yeye, nami nikamjibu kwamba Msambaa haachiwi cherehani, ataifungia bandani aikatie majani kama ng'ombe wa maziwa. Akacheka, likapita. Hapo nikaujua ubaya wa kutaniana miaka tisa. Jambo la kweli lilikuwa linagonga mlango, na hakuna kati yetu aliyekumbuka mlango unafunguliwaje.

Basi nikaamua kuiba, kwa heshima zote, kimila. Basi la Handeni huondoka saa tisa alasiri. Nilimfuata Lukasi, bwana mmoja wa mkokoteni pale Manundu, mtu mzima, mkimya, wa kuaminika. Nikampanga kwamba saa saba mchana aje Kilole, achukue cherehani na mizigo yangu yote, apeleke stendi, apakie. Kazi yangu ilikuwa kumtoa Asnath nyumbani mapema na kumzungusha mpaka basi liwake.

"Mtani," nikamwambia asubuhi, "miaka tisa niko Korogwe sijaona kitu zaidi ya Kilole, soko na msikiti. Nitakwenda kuwasimulia nini watu wa Kang'ata? Leo ni siku yangu ya mwisho, nitembeze mji."

"Mji upi?"

"Huu huu."

Akanitazama kidogo, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kanisani, miwani ya jua yenye kioo kilichopasuka, na mwavuli ameunyoosha mbele mithili ya wale wanaowaongoza Wazungu mbugani. "Mtalii," akasema, "karibu Korogwe. Tafadhali usiloge kitu chochote njiani."

Korogwe watu wengi wanaijua kwa dakika kumi. Basi linasimama, wanaingia chooni kuchimba dawa, wananunua machungwa kupitia dirishani, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kushuka na begi akasema amekuja kuangalia. Kwa hiyo tulipoanza kutembea, mwavuli mbele mimi nyuma, watu walisimamisha shughuli zao. Mwenye duka la vipuri aliuliza kama kuna msiba. Asnath akamjibu kuwa upo, Mzigua anaondoka na mji mzima unajitahidi kulia lakini machozi hayatoki.

Kituo cha kwanza kilikuwa stesheni ya reli. Mlinzi wa pale, Mzee Hiza, alikuwa amekaa kivulini akikwangua kucha kwa wembe.

"Shikamoo mzee," Asnath akasema. "Nimemleta mtalii kutoka Handeni. Hajawahi kuona chuma kirefu namna hii."

"Marahaba. Aangalie tu, asikiguse. Mzigua akigusa kitu hakitembei tena."

Sikujua kama na yeye ni Msambaa, nikajua hapo. Asnath alipata nguvu, akanyoosha mwavuli kwenye reli. "Hapa ndipo Mzigua wa kwanza alipoona treni inatoa moshi. Alikimbia mpaka kwao akaleta mganga aje aipunge mashetani."

"Na Msambaa wa kwanza," nikamjibu, "alisimama katikati ya reli akabishana nayo nani apite kwanza. Alikuwa na hoja nzuri. Tulimzika nayo."

Mzee Hiza alicheka mpaka akajikata kidole. Nikatazama saa ya simu kwa siri. Saa tano kasoro, mambo yanakwenda vizuri.

Tukazunguka sokoni, akanionyesha fungu la nyanya ambalo alidai limepangwa hivyo tangu enzi za Mjerumani. Tukapiga picha mbele ya kibao cha halmashauri, yeye ameshika mwavuli, mimi nimeshika kiuno. Tukasimama nje ya saluni ambako mwaka fulani alinyolewa nusu kichwa umeme ukakatika, naye akawaeleza wateja waliokuwa ndani kwamba hapa ni makumbusho. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikajiambia, Husna, unamwibia mtu huyu. Nikajijibu, mila inaruhusu.

Tulipofika kwenye daraja la Mto Pangani jua lilikuwa utosini. Maji yalikuwa yanapita chini, ya kahawia, polepole. Asnath akaegemea kingo.

"Mamba wa hapa," akasema, "hawali Wazigua. Wanaogopa hirizi zitawakwama kooni."

Nilikuwa na jibu zuri sana kuhusu mamba na ugumu wa mguu wa Msambaa aliyezoea kupanda milima. Lilikuwa tayari kabisa ulimini. Halikutoka. Nilimwona amevua miwani, anafuta ule ufa kwa pindo la gauni, kana kwamba ufa ungefutika, na nikaona vidole vyake vya ushonaji, vyenye alama za sindano sawasawa na vyangu. Nikaona kesho asubuhi anafungua mlango, barazani hakuna kitu. Atakaa wapi? Atamtukana nani? Nilisikia aibu, na aibu ile haikuwa na utani ndani yake.

"Mtani, turudi nyumbani," nikasema. "Nimesahau kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Turudi mara moja."

"Mtalii harudi nyumbani kabla ratiba haijaisha. Hujaona milima."

"Milima naiona kila siku!"

"Hujawahi kuiona na mwongozaji."

Ilikuwa saa sita na nusu. Nikampigia Lukasi, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, vilevile. Asnath akanishika mkono, akanipandisha hadi mahali palipoinuka ambapo Usambara yote inaonekana, akaanza kunionyesha kimoja kimoja, bonde hili, msitu ule, na pale palipofunikwa na wingu ndipo Dindira. Mimi jasho linanitoka. Akasema tule, akachagua mama ntilie mwenye foleni ndefu kuliko wote. Akala wali maharage punje kwa punje. Niliposimama alinikalisha. Nilipodai tumbo linauma aliniambia ni uchawi wangu umerudi kwa mwenyewe. Sijawahi kuchukia utani wetu kama saa zile mbili.

Stendi tulifika saa tisa kasoro dakika kumi. Basi la Handeni limewashwa, konda anaita abiria, na Lukasi amesimama pembeni ya mkokoteni mtupu, anaangalia vidole vyake vya miguu. Nikainua macho juu ya keria. Godoro langu lilikuwepo, na ndoo, na cherehani, imefungwa kamba vizuri kabisa. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya blanketi lenye mistari myekundu.

Lile blanketi nalijua. Ni la Asnath, alilokuja nalo kutoka Dindira, hajawahi kumwazima mtu hata Julai. Hakuna mwizi anayefunika kitu alichoiba kwa blanketi la aliyeibiwa, wala Lukasi hakuwa na ufunguo wa chumba chake.

"Lukasi ni mtoto wa shangazi yangu," Asnath akasema. "Umetaka kumwibia Msambaa, ukaenda kumtuma Msambaa. Wakisema nyie mna akili za usiku tu mnakasirika."

"Ulijua?"

"Tangu jana jioni. Nilimwambia asisahau mkanda wa akiba na kopo la bobini, maana wewe ungesahau."

Nilimgeukia konda nikamwambia ashushe cherehani. Asnath akamwambia asinisikilize, mimi ni Mzigua na nimechanganyikiwa na mji. Konda akaniangalia, akaangalia saa yake, akaona bora aamini.

Hapo nikakumbuka sheria. "Komboa!" nikamwambia. "Nimekuibia mimi, nimekiri mbele za watu. Komboa mali yako. Nipe chochote."

Akacheka kwanza. Kisha akamwita mwuza machungwa, akanunua moja lililomenywa. Nikashukuru Mungu, nikanyoosha mkono. Asnath akalikata katikati kwa vidole, akatia nusu yote mdomoni.

"Asnath! Nipe hiyo nyingine."

Akatafuna huku ananitazama. Akala nusu ya pili kipande kimoja kimoja, bila haraka, mbele ya stendi nzima.

"Nipe mbegu! Mbegu moja inatosha!"

Akameza na mbegu.

"Mwavuli basi!" Akampa Lukasi mwavuli. "Miwani!" Akampa Lukasi miwani, na Lukasi, mtu mzima na ndevu zake, akaivaa. Wapiga debe walikuwa wameacha kuita abiria, wanashangilia, ingawa hawakujua wanamshangilia nani. Asnath akanyoosha viganja vyote viwili, vinanata maji ya chungwa.

"Sina kitu, mtani. Mimi maskini. Nitakomboa na nini?"

Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani, pale pale kwenye matope ya stendi. Akanisogelea, akanifuta uso kwa kiganja kile kile chenye kunata.

"Kilole kuna mafundi saba wa kuniazima cherehani," akasema taratibu. "Kang'ata mama yako ana wewe peke yako. Panda basi, Husna."

Miaka tisa hajawahi kuniambia sentensi tatu zisizo na tusi ndani. Nilipanda kwa sababu konda alikuwa ananisukuma mgongoni. Nikapata kiti cha dirishani, nikafungua kioo, nikatoa kichwa. Basi likaanza kurudi nyuma.

"Komboa!" nikapiga kelele. Mama aliyekaa jirani yangu akauliza kama nimeibiwa. "Komboa, wewe! Hata unywele!"

Alikuwa amenunua chungwa la pili na kulijaza lote mdomoni kabla sijaomba hata ganda. Basi lilipokata kona kutoka stendi bado nilikuwa napiga kelele, naye alikuwa amesimama pale pale na gauni lake la kanisani, mikono mitupu ameinua juu, machozi yanamtiririka hadi kwenye mashavu yaliyojaa, hawezi hata kunitukana.