Vidole Viwili vya Mshono

Kwanza niseme wazi: mimi si mtu wa kelele. Wanaosema nina mdomo ni wale wateja wanaoleta kitambaa leo wakitaka gauni jana. Lakini siku tuliyokwenda kununua drili ya betri nilipaza sauti mpaka duka zima likanyamaza, na sijutii hata kidogo.

Sababu ni baba yangu. Baba ni fundi seremala, na mafundi wenzake walimbandika jina la Milimita, maana alikuwa radhi alale njaa kuliko mlango wake uache upenyo. Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Akapona, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito na vidole havikazi sawasawa. Alipotoka hospitali akahamia kwetu, na siku hiyo hiyo akanipa ufunguo wa sanduku lake la zana. "Uza," akaniambia. Neno moja tu, basi.

Niuze nini, mimi? Sanduku nikalisukuma chini ya kitanda chake, ufunguo nikautia ndani ya kopo langu la vifungo, nikafunga mdomo. Miezi tisa ikapita. Baba akawa wa kuketi karibu na cherehani yangu, anasikiliza redio na kubishana na msoma habari. Hajagusa hata bisibisi. Bawaba ya kabati ikilia, anageuza uso upande wa pili kama hakusikia. Hilo ndilo lililokuwa likinikata maini. Nilitaka jambo moja tu: siku moja aniulize ufunguo wake uko wapi.

Sasa, chumba changu cha kushonea kina pengo ukutani kati ya nguzo mbili, na nilitaka rafu pale ya kuwekea vitambaa. Ubao nilikwisha kuagiza ukakatwa kwa vipimo vyangu. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, akasema tumechoka kuazima drili kwa jirani, tununue yetu ya nyumbani. Nikasema sawa, ila baba twende naye.

"Mimi nikafanye nini huko?" baba akang'aka. "Nimetoboa kwa keekee ya mkono miaka arobaini. Hivyo vidude vya betri ni vya wavivu."

"Basi njoo uvitukane ana kwa ana."

Akainuka akinung'unika. Lakini kabla hatujatoka nilimwona akichomeka kitu mfukoni mwa koti, kimefungwa kwenye leso. Sikuuliza.

Dukani tulipokewa na muuzaji, dada mmoja mwenye aproni ya buluu na sauti ya polepole. Mume wangu hata salamu hakumaliza. Alikwisha kunyakua drili kubwa kuliko zote, anaielekeza huku na huku, macho yamemtoka kama mtoto aliyeona puto.

"Hii hapa! Hii inatoboa hata daraja!"

"Nyumbani kwetu kuna daraja?" nikamuuliza.

Muuzaji akatabasamu. "Tuanze na ukuta. Wenu ni wa nini?"

"Tofali za saruji, juu plasta," mume wangu akajibu.

"Basi mnahitaji yenye kugonga, ile inayozunguka huku inapigapiga. Ila si lazima iwe kubwa. Na mshikaji ni nani?"

Mume wangu akatazama dari. Baba akatazama viatu vyake, na ule mkono wa kulia akauficha nyuma ya koti. Roho ikaniuma.

"Mimi," nikasema.

"Wewe?" mume wangu akadakia. "Si tulisema labda baba ataweza..."

"NIMESEMA MIMI!"

Ndiyo zile kelele zenyewe. Mtu aliyekuwa akichagua rangi akadondosha brashi. Mume wangu akarudisha drili yake ya daraja rafuni, taratibu kabisa.

Baba akakohoa. Akatoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha mbao ngumu, nyekundu, kimejaa matundu. Nakijua tangu utotoni. Kila zana aliyowahi kununua aliijaribu kwanza kwenye kipande kile, maana, anasema, mbao za madukani zimefundishwa kusema ndiyo.

"Dada," akamwambia muuzaji, "una jiliwa ya kubania hii?"

Muuzaji akakibana kile kipande kwenye jiliwa ya mezani.

"Sikiliza," baba akaendelea, amekaza uso. "Mshikaji ni binti yangu, na mikono yake ni ya sindano tu, haina nguvu. Kwa hiyo nitazijaribu kwa mkono wangu wa kushoto. Tunalingana."

Nikauma mdomo nisicheke. Mikono hii inakata suti tatu kwa siku! Lakini nikajikaza kisabuni.

Ile kubwa ilimpindua kiganja mara tu alipoibonyeza. "Punda huyu," akasema, akaiweka chini. Ya pili ilikuwa nyembamba, betri yake nzito. "Kichwa chepesi, makalio mazito. Itamchosha." Muuzaji akacheka mpaka akashika meza. Ya tatu ilikuwa fupi, mpini wake una mpira, wala haikuwa na sura ya kujisifu. Muuzaji akamwonyesha pete yenye namba shingoni mwa drili.

"Hii ndiyo breki yake, baba. Ukifunga skrubu ikafika mwisho, inaachia yenyewe. Haikupindi mkono."

"Rudia."

Akarudia. Baba akamfanya arudie mara ya tatu, safari hii mwenyewe akiizungusha ile pete kwa kidole gumba cha kulia, polepole. Halafu akaegemeza drili kwenye mbao yake, akabonyeza. Ikaimba. Nyuzi nyekundu za mbao zikamwagika mezani. Akaichomoa, akainama, akachungulia tundu kwa jicho moja.

"Limenyooka," akasema kwa sauti ndogo. Kisha haraka haraka, "Itamfaa."

"Itanifaa kabisa," nikasema.

Ilikuwa na betri mbili, moja ikiwa kazini nyingine inakula umeme kwenye chaja. Tulipokuwa tukirudi mume wangu akajitolea kubeba boksi. Baba akakataa, akalipakata njia nzima.

Nyumbani aliikodolea macho chaja kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Taa ilipogeuka kijani, nikapiga alama ukutani kwa chaki yangu ya nguo, nikachomeka kwenye drili sindano yake ya kutobolea, nikasukuma kwa nguvu zote. Sindano ikateleza juu ya plasta, ikachora mchirizi mrefu wa aibu.

"Usisukume!" baba akapiga kelele kutoka kitini. "Unatoboa ukuta, huhamishi lori! Iache itoboe yenyewe! Aa, sivyo! Sivyo! Lete hapa!"

Akasimama bila kushikwa. Mkono wa kushoto ukakamata mpini, na ule wa kulia akauweka chini ya betri. Haukukaza, ulibeba tu. Tundu la kwanza likaingia, vumbi likamwagikia viatu vyake. La pili. Kwenye la tatu akaanza kupiga mluzi. Nikafungua mdomo niseme kitu, mume wangu akanitolea macho ninyamaze, nami, mtu mwenye mdomo, nikanyamaza. Matundu manane. Tukatia plagi za plastiki matunduni, akafunga vyuma vya kubebea rafu, skrubu moja baada ya nyingine, na kila pete ilipoachia aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Leteni ubao," akaamuru.

Mume wangu akauleta. Upande mmoja ukaingia kati ya nguzo, wa pili ukagoma. Tukaugeuza. Ukagoma tena.

"Ulipima?" baba akaniuliza.

"Kwa tepu yangu. Mara mbili."

"Ukawaambia wakate kiasi gani?"

"Hicho hicho nilichopima, na..." Masikio yakaanza kuniwaka moto.

"Na nini?"

"Na vidole viwili, baba. Kimoja kila upande. Vya mshono."

Miaka ishirini nakata nguo! Nani anakata kitambaa bila kuacha cha mshono? Mkono wenyewe uliongeza, mimi sikuwa na habari. Mume wangu mpaka leo anadai nilifanya makusudi, na mpaka leo namwapia kwamba lilikuwa kosa la kweli.

Baba akautazama ubao. Akanitazama mimi. Kitu kikaanza kutikisika tumboni mwake, kikapanda, kikamtoka kwa kishindo. "Mshono! Mbao, mwanangu! Uikunje, halafu uipige pasi!" Alicheka mpaka akatafuta kiti, machozi yanamtiririka. Nilitaka kununa. Lakini kicheko kile sikuwa nimekisikia kwa miezi tisa, nikajikuta nami sina mbavu, nimeishikilia cherehani nisianguke.

"Haina shida," mume wangu akasema akipangusa macho. "Kesho naurudisha kiwandani waupunguze."

Baba akaacha kucheka. "Kwa vidole viwili? Mashine yao iutafune kingo?" Akageuka kwangu, akaninyoshea mkono. Ule wa kulia, kiganja juu, vidole nusu vimejikunja.

"Msumeno wangu umo sandukuni. Huo ufunguo uliuuza, au bado uko kwenye kopo la vifungo?"

Kumbe alijua siku zote! Nililimwaga kopo zima sakafuni, vifungo vikatawanyika mpaka chini ya kabati, nikapiga magoti katikati yake natafuta, nalia na kucheka kwa pamoja, naye juu yangu ananihimiza: "Haraka basi! Na lete hiyo chaki yako. Safari hii napima mimi."