Darasa Lililosimama Ofisi ya Kazi

Mjukuu wangu amebeba jina langu, Nyambura, kwa hivyo sisi huitana wajina. Mimi ndiye mkubwa, yeye ndiye mrefu. Tunaishi pamoja Hodge Hill, na kazi yake ni kufundisha wageni Kiingereza katika chuo kimoja hapa Birmingham.

Sasa, kufundisha kwake ni kwa saa. Akiingia darasani analipwa, akitoka imeisha. Mwezi wa saba chuo kikifunga, wale walimu wa mshahara wanaenda Uhispania kuchomwa na jua, na wajina wangu anakuja kukaa jikoni kuchomwa na mawazo. Hajafutwa kazi, na kazi hana. Watamwita tena Septemba, lakini tumbo halijui Septemba. Kiangazi kilichopita alienda ghalani kupakia maboksi, mpaka mgongo ukakataa kabisa, ikawa soksi anavaa akiwa amelala chali, miguu juu kama mende.

Mwaka huu ghala lilimpigia simu mapema. Walimtaka awe wao moja kwa moja, mwaka mzima, na jibu walilitaka kabla ya Ijumaa.

"Cucu, nafikiri nitakubali," akaniambia, maana bibi kwetu ni Cucu. "Niachane na mambo ya chuo."

Nikaweka chini kisu cha vitunguu. Huyu mtoto alianza ualimu akiwa na miaka minne, wanafunzi wake wakiwa wanasesere, na mmoja alimrudisha darasa.

"Na ile pesa ya serikali ya kusaidia walio bila kazi?" nikamuuliza. "Si ulisema umeomba?"

"Niliomba kwa simu. Wanataka niende kuonana nao kesho saa nne asubuhi. Siendi."

"Kwa nini?"

"Cucu, wanafunzi wangu ndio wanajaa pale. Ile ofisi ya kazi ndiyo inawatuma kwangu wajifunze Kiingereza. Halafu wanikute nimekaa hapo nangoja kuitwa kama wao? Nitawaangalia vipi tena nikiwa nimeshika chaki?"

Mimi neno likikwama silivuti kwa nguvu. Nalitegea.

"Kitendawili," nikasema.

"Cucu, si sasa."

"Kitendawili."

Akashusha pumzi. "Tega."

"Namwita kwa kidole. Akiniona anapiga magoti, ananimeza mzima mzima, ananitapika mlangoni mwa kanisa."

"Ngamia."

"Hodge Hill umemwona ngamia wapi?"

"Pasta."

"Pasta wetu magoti yake yanajulikana hospitali zote za mji huu. Akipiga, nani atamwinua?"

"Nyangumi wa Yona."

"Yona alimwita nyangumi kwa kidole?"

"Haya, nimeshindwa."

"Nipe mji."

Kama umekulia mahali ambapo vitendawili vimesahaulika, wacha nikueleze. Aliyeshindwa hutoa mji. Aliyetega huupokea mji huo, akajigamba alivyofika huko akapokewa na akala akashiba, ndipo atoe jibu. Na mji usiompendeza anaruhusiwa kuukataa.

"Chukua Dudley," akasema.

"Dudley sina mtu."

"Chukua London."

"Huko chai ni ghali."

"Chukua Nyeri."

"Nyeri ni kwangu. Utanipaje kilicho changu?"

"Sasa unataka mji gani, wajina?"

"Nataka ofisi ya kazi, kesho saa nne. Na siendi kwa maneno, naenda kwa miguu, na wewe umenishika mkono."

"Hiyo si mji, Cucu."

"Kuna watu, kuna mlango na kuna askari mlangoni. Mji ni nini tena?"

Alitaka kukasirika, kicheko kikamtoroka kupitia puani. Mtu akishindwa hakatai kulipa mji, nilimfundisha hivyo kabla hajaota meno ya mbele.

"Na jibu ni nini?"

"Ni basi. Linashuka chini likiniona nimesimama kituoni."

"Mimi halijawahi kunipigia magoti."

"Halijaona sababu. Subiri uzeeke."

Alipopanda juu kupiga pasi blauzi yake, nikachukua simu. Tuna kundi letu la maombi kwenye WhatsApp, na kiongozi wake ni Mireille, mama wa Bukavu anayekaa Lozells. Mireille hapendi maombi ya jumla jumla. Ukiandika "niombeeni", atakujibu, "Mungu anajua, lakini siye hatujue. Andika saa na pahali." Nikaandika: Mwombeeni Nyambura wangu kesho saa nne asubuhi, ofisi ya kazi, ajibu vizuri na asiogope. Nikaweka ile mikono miwili ya kuomba, na kwa sababu kidole changu ni kinene, nikaweka na keki. Kisha nikalala vizuri sana.

Kitu kimoja hakikunijia akilini. Mireille ni mwanafunzi wa wajina, na darasa lao pia lina kundi.

Asubuhi basi lilikuja, likapiga magoti, nikamkanyaga wajina mguu kidogo ili aone. Alikuwa amevaa kofia yenye ukingo mpana, anaivuta mbele kila tukipita kituo. Tulipofika mlangoni mwa ofisi akasimama.

"Tuchungulie kwanza," akasema. "Nikimwona hata mmoja, tunarudi."

"Sawa," nikasema, nikamsukuma.

Ndani kulikuwa na viti vya kijani vimepangwa kwa safu. Safu yote ya mbele ilikuwa darasa lake. Mireille alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Kando yake alikaa Deka, binti wa Kisomali, na Faisal, ambaye wajina hunisimulia kila Ijumaa alivyochelewa, na leo amewahi. Na wengine nyuma yao, wote wamechana nywele.

Walipomwona, walisimama kwa pamoja. Huko walikotoka, mwalimu akiingia habaki mtu kitini. Wakamsalimu kwa Kiingereza, sauti moja, wakivuta maneno kama darasa la tatu: "Goood mooorning, teacher."

Ofisi nzima ikageuka. Mzungu mmoja mzee mwenye fimbo akasimama naye, kwa kuwa aliona wengine wamesimama akadhani ni moto. Mama mwenye kigari cha mtoto akasimama. Nyuma ya meza mfanyakazi mmoja akasimama nusu, hajui kama anatakiwa.

Wajina aligeuka kuelekea mlangoni. Lakini mlangoni nilikuwa mimi, na mimi si mwembamba.

Askari wa pale akaja haraka. Anaitwa Bulle, kijana wa Garissa, na aliposikia nikinong'ona kwa Kiswahili akashukuru Mungu.

"Mama, hawa ni wako?"

"Ni wa huyu. Ni mwalimu wao."

"Mwalimu, tafadhali waambie wakae. Mkubwa wangu akitoka sasa hivi atasema ni maandamano."

"Kaeni tu," wajina akasema chini chini, akiangalia viatu vyake.

Hakuna aliyekaa. Kwanza alikuwa amesema kwa Kiswahili, na nusu yao hawakijui. Halafu ile haikuwa sauti yake ya darasani.

"Mwalimu," Bulle akasema, na sasa jasho linamtoka, "huyu mzee wa fimbo ataanguka."

Basi nikaona mabega ya mjukuu wangu yakipanda. Akavua ile kofia. Akainua uso akawatazama wote, waliokuwa wake na wasiokuwa wake, na akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo najua ilisikika mpaka kituo cha basi: "Thank you, everyone. Sit down, please."

Wakakaa. Mzee wa fimbo akakaa. Mama wa kigari akakaa. Na Bulle naye, Mungu ambariki, akakaa, kisha akakumbuka yuko kazini akaruka tena.

Wajina akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mmejuaje niko hapa?" akauliza.

"Madame, Mama aliandika mu groupe," Mireille akasema. "Tukaona haiko muzuri uende peke. Tukakuya."

Akanigeukia. "Cucu, uliniweka kwenye WhatsApp?"

"Nilikuweka kwa Mungu. WhatsApp ni njia tu."

"Lakini nyinyi," akawaambia, "hamwoni haya? Mwalimu wenu hana kazi."

Mireille akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni maji. "Weye njo ulitufundisha kukaa mbele ya hawa watu. Ulisema tuwaangalie mu macho, tuseme jina, tusiombe pardon kwa bure. Leo ni zamu yako."

Hapo jina lake likaitwa. Alipopita mbele ya safu, Faisal akamwambia kwa Kiingereza, uso umekaza kabisa, "Full sentence, teacher."

Niliruhusiwa kwenda naye kwa sababu nilishika kiuno nikaonekana nahitaji kiti. Aliyetupokea ni binti anaitwa Gurmeet, miwani juu ya kichwa na nyingine machoni.

"Wale ni kina nani?" akauliza.

"Ni wanafunzi wangu," wajina akasema. "Ninafundisha chuoni kwa kulipwa kwa saa. Chuo kimefunga mpaka Septemba, na mpaka hapo sina kipato."

Sentensi nzima nzima, na hakuomba samahani hata moja.

"Wewe ni wa tatu wiki hii," Gurmeet akasema.

"Wa tatu nini?"

"Mwalimu wa saa. Kila mwezi wa saba mnakuja. Wa jana alivaa miwani ya jua muda wote. Nilimwambia kuna mwenzake juzi aliingia na kofia imefika puani."

Wajina akaisukuma kofia yake chini ya kiti kwa kisigino. Mimi nikatazama dari.

Kisha Gurmeet akaanza kuuliza habari za kazi nyingine, na wajina, ambaye hajui kudanganya, akamwambia yote kuhusu ghala, na kwamba wanamtaka wa kudumu, na zamu zake ni saa zile zile za darasa.

"Unaitaka?"

Nikajikanyaga mwenyewe ili nisijibu.

"Siitaki," wajina akasema. "Ninataka kufundisha. Kazi ya kiangazi nitaitafuta na nikiipata nitaifanya. Lakini ninataka Septemba nirudi darasani."

Gurmeet akapiga piga kompyuta yake. Akasema mpaka Septemba atafute kazi za muda, na kila akija aonyeshe alikotafuta, na akipata chochote aseme. Ghala la kudumu hakuliandika. Malipo ya kwanza yatachukua kama wiki tano. Chuo kikifungua, watatazama anapata kiasi gani, na kama ni kidogo huenda wakamwongezea.

"Wiki tano ni maharagwe," nikasema kwa Kiswahili. "Maharagwe tunayo."

Tulipotoka, Bulle alikuwa amelihamishia darasa nje kwenye lami, na mvua ya rasharasha inalowesha kitenge na nywele zilizochanwa. Hakuna aliyekuwa amekwenda. Wajina akatoa simu yake akapigia ghala pale pale, wote wakanyamaza, Deka akamziba mtoto wa mtu mdomo.

Nilisikia yule bwana akimuuliza sababu.

"Nina darasa," wajina akamwambia, akakata.

Mireille akapiga vigelegele, na Bulle akaangalia upande mwingine kama askari asiyesikia. Wakati huo ndipo yule mzee wa fimbo akatoka, akamkaribia wajina akauliza mtu anajiandikishaje kwa hilo darasa lake. Wajina akamweleza kwa upole kuwa ni darasa la Kiingereza, la wageni.

Mzee akasema haidhuru. Yeye amezaliwa Dudley, ambako Kiingereza kina lafudhi yake, na tangu mkewe afe hakuna anayeelewa anachosema.

"Septemba, saa tatu asubuhi," wajina akamwambia. "Uje na kalamu. Na usikae karibu na Faisal, atakuambukiza kuchelewa."